Saa Ishirini Bila Baki

Kazi yangu ya kwanza kila siku kwa bibi, pale Temeke, ilikuwa kufagia. Kabla sijanawa uso vizuri nashika fagio la chelewa, naanza uani, napita ukumbini, natokea barazani. Takataka nazizoa kwa kipande cha debe nakwenda kuzimwaga jalalani, nyuma ya choo. Mwarobaini wetu haukuwa na huruma. Ukiupa kisogo tu, umeshamwaga majani mengine. Ndiyo maana nilikuwa napenda sana watu wasafiri.

Kwa bibi, mtu wa nyumbani akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka awe amefika aendako. Ukifagia naye yuko njiani, umemfagia yeye. Mtu akienda Bagamoyo na lori la asubuhi, fagio haliguswi mpaka alasiri. Akienda Morogoro kwa gari moshi, mpaka kesho yake. Majirani wakiona uwanja wetu umejaa majani walikuwa wanauliza kutokea njiani, "Leo kasafiri nani?" Na mie nipo barazani nimenyoosha miguu, najibu kwa raha zangu.

Wengine mtaani waliushika mwiko huo kwa mazoea. Bibi aliushika kwa uchungu. Baba yetu, mwanawe wa pekee, alipochukuliwa askari wakati wa vita alimwambia mama yake kwamba anakwenda kambini tu, baada ya siku mbili atarudi kuaga. Pengine naye hakujua. Bibi akaona kambini si safari, akafagia asubuhi ileile. Kumbe meli ilikuwa bandarini inawangoja. Baba hakurudi. Mie nilikuwa bado natambaa. Bibi alinisimulia habari hiyo mara moja tu, na siku hiyo alikuwa anachambua mchele, hakuyainua macho kutoka kwenye ungo mpaka akamaliza.

Mama yetu aliolewa tena huko Chamazi, tukabaki watatu: bibi, dada yangu na mie. Dada alikuwa yaya kwa Wazungu wa Oysterbay. Mwaka mmoja akaja na habari kwamba bwana na memsabu wanakwenda kwao likizo ya miezi sita, na wanataka kumchukua, kwa sababu mtoto wao mdogo halali mpaka aimbiwe na yeye. Watakwenda kwa ndege.

Nilidhani bibi atakataa. Alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna.

"Utafika saa ngapi?" akauliza.

"Bibi, ni mbali. Ni London."

"Sikuuliza mbali wala karibu. Nimeuliza utafika saa ngapi."

"Wanasema kesho yake."

"Kesho ni ndefu. Kesho saa ngapi?"

Dada akanitazama mie. Bibi naye akageuka juu ya mbuzi ya nazi, akaninyooshea mkono wenye machicha. "We mke mwenzangu, si ulikuwa unakwenda shule? Utanihesabia."

Mke mwenzangu lilikuwa jina langu la utani, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa mume mwenyewe, babu yetu, tulishamzika zamani. Lakini safari hii hakuwa anatania. Nikasema nitahesabu. Moyo ulinijaa furaha, maana nilimaliza darasa la nne na tangu siku hiyo hakuna aliyeniomba nihesabu kitu chochote zaidi ya maandazi.

Nilianzia dukani. Duka la mtaa wetu lilikuwa la mama mmoja Mhindi, mjane, mwembamba, mwenye mtandio mweusi, na nyuma ya mizani yake ilikuwa imetundikwa kalenda yenye ramani ya dunia. Mara ngapi nimetumwa chumvi nikasahau chumvi kwa kuitazama ramani ile. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Akaniuliza bibi ataacha kufagia tangu lini mpaka lini. Nikamwambia ndiyo hilo ninalolitafuta.

"Beti," akasema, maana ndivyo alivyokuwa ananiita, ni mwanangu kwa lugha yao. "Mie nilipoondoka kwa mama yangu, meli ilichukua siku nyingi. Sijui alifanya nini siku zote zile." Akavuta uzi kutoka kwenye kibunda, akaukata kwa meno, akaishusha kalenda.

Tukaweka ncha moja ya uzi Dar es Salaam. Ncha ya pili mie niliivuta polepole, ikapita Sudani, ikapita jangwa, ikavuka bahari nisiyoijua, ikafika kisiwani London. Chini ya ramani kulikuwa na kistari cha kupimia, urefu wake maili elfu moja. Uzi wetu ulimeza vistari vinne na nusu, na kidogo. Tukakubaliana kwamba ile kidogo ni mia moja. Maili elfu nne na mia sita. Akanipa uzi bure.

Mwendo wa ndege niliupata kwa mpangaji wetu. Chumba cha mbele bibi alikuwa amempangisha kijana mmoja karani wa ofisi za bandarini, Mkristo wa kutoka bara, mpole, mwenye saa ya kengele na pasi ya mkaa. Aliporudi kazini nikamuuliza ndege kubwa inakwenda maili ngapi kwa saa. Kesho yake akaja na jibu kutoka ofisini kwao: mia mbili na thelathini, kama upepo si mkali.

Nikachora kwa mkaa kwenye sakafu ya uani. Elfu nne na mia sita, gawanya kwa mia mbili na thelathini. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba hesabu ya kugawanya ina adabu yake, usikimbilie jibu. Nikaenda polepole. Ikatoka ishirini, bila baki. Nilikaa nikaitazama. Nimegawanya vitu vingi shuleni, karibu vyote vilibakisha. Hii haikubakisha hata moja. Nikaona Mwenyezi Mungu kaikubali safari.

"Saa ishirini," nikamwambia bibi.

"Una hakika?"

"Bila baki."

Bibi hakujua baki ni nini katika hesabu, lakini alinitazama usoni, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Wakaondoka Jumatatu. Mie na bibi tulikwenda uwanja wa ndege kwa miguu, tukasimama nje ya uzio pamoja na watumishi wengine waliokuja kuaga. Dada alikuwa amevaa viatu vya memsabu vilivyomzidi, kajifunga kanga yake juu ya gauni, kambeba mtoto wa Kizungu aliyekuwa anamvuta sikio. Akaja uzioni mara moja tu. Bibi akapitisha vidole kwenye waya, akamshika kidole gumba, akasoma dua yake kimyakimya. Mie dada akanisukumia kikaratasi cha ndani ya paketi ya sigara. "Saa ya kufika," akasema. "Nimeinakili kutoka kwenye karatasi ya bwana." Halafu memsabu akaita.

Ndege ikaondoka saa mbili asubuhi. Ilikimbia, ikapiga kelele, halafu ikawa juu ya minazi, na dada yangu yumo ndani yake. Niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyoyaona, nikaona aibu kwamba nalia.

Nikakifungua kikaratasi njiani. Mwandiko wa dada, herufi zake kubwa zilizolala upande: KUFIKA JUMANNE SAA 10.

Nikahesabu kwa vidole. Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, ongeza saa ishirini, unaangukia saa kumi alfajiri ya Jumanne. Hesabu yangu na karatasi ya bwana zimesema neno moja. Nikamwambia bibi, tena nikaruka dimbwi la maji kwa furaha.

Siku ile ilikuwa tamu. Sikufagia. Nilikaa barazani na ule uzi, nimeutia alama ishirini za mkaa, kila saa moja nasogeza kidole gumba alama moja. Karani alikuwa ameniachia saa yake ya kengele. Bibi alikuwa anaingia na kutoka, ananiuliza kama vile anauliza habari za chungu jikoni.

"Mwenzio yuko wapi sasa?"

"Yuko juu ya ziwa, bibi."

"Ziwa lina mawimbi?"

"Yeye yuko juu, hayamfikii."

Halafu baada ya swala, "Na sasa?"

"Anaingia Sudani. Chini kuna mto mkubwa, anauona kama mkanda."

"Kala?"

"Ndani ya ndege wanapewa chakula."

"Chakula gani?"

Hapo nilitunga. Nikasema wali na kuku. Bibi akaridhika.

Kengele ikalia saa kumi alfajiri. Nikakimbilia chumbani kwa bibi, nikamkuta yuko macho juu ya msala, tasbihi mkononi. "Bibi, kafika," nikasema. "Sasa hivi anashuka ngazi." Akanitazama kwa mwanga wa kibatari, akanitazama sana, nikiwa nimeshika saa ya watu kifuani. Akasema alhamdulillahi. Kulipoanza kupambazuka akaniambia, "Leo lete hilo fagio. Nitafagia mwenyewe." Mie nikarudi kulala, nasikia chelewa zinakwangua sakafu ya ukumbi, sauti nzuri.

Nilipoamka ilikuwa kama saa moja. Karani alikuwa uani anapiga pasi shati lake. Akaona uwanja mweupe.

"Mmepata simu ya maandishi?"

"Ya nini? Kafika saa kumi. Hesabu na karatasi zimekubaliana." Nikampa kikaratasi aone.

Akaiweka pasi chini. Akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Dada, hii kumi ni ya nani?"

"Ya dada yangu. Mwandiko wake huo."

"Mwandiko wake, lakini kumi ni ya bwana wake. Mzungu akiandika kumi, sie tunasoma nne. Hii ni saa nne asubuhi."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Tulifundishwa darasa la pili, saa ya Kizungu na saa yetu, ondoa sita, ongeza sita. Lakini kile kikaratasi kilikuwa kwa Kiswahili, mwandiko wa mtu wa kwetu, nikasoma kwa Kiswahili.

"Basi bado saa tatu tu," nikasema.

Karani alikuna shingo. "Na hizo nne ni za kwao. Jua linatufikia sie kwanza. Wao wakiwa saa nne, sie ni saa saba mchana."

"Lakini nimegawanya. Ishirini, bila baki."

"Umegawanya kama inakwenda moja kwa moja. Inatua, dada. Nairobi inatua, Sudani inatua, Misri inatua, inatia mafuta, watu wanakunywa chai. Uliniuliza mwendo, hukuniuliza vituo." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Si neno. Kwetu bara huo mwiko hatuna." Lakini alipovuka ukumbi kwenda chumbani kwake niliona ananyanyua miguu kama sakafu ina maji.

Kwa hiyo dada yangu alikuwa bado hewani, na nyumba imefagiwa.

Nikatamani kumwambia bibi. Nilikwenda mpaka jikoni. Alikuwa anakaanga maandazi, anaimba kwa pua, mgongo wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Akanipa andazi la moto. Nikalipokea kwa mikono miwili nikatoka nalo, sikuweza.

Nikakimbilia jalalani. Nilikusudia kuzirudisha takataka. Akili yangu iliniambia kwamba kama zikirudi ndani kabla ya saa saba, itakuwa kama hazikutoka. Nikapekua kwa mikono. Maganda ya maembe, majivu ya juzi, magamba ya samaki. Majani mabichi ya mwarobaini hayakuwepo. Nikaona pengine kuku wameshayatawanya, au upepo. Mwisho nikachota viganja viwili vya kilichokuwepo, nikaingia chumbani kwa dada mbiombio, nikamwaga chini ya kitanda chake.

Halafu nikakaa barazani na ule uzi. Asubuhi nzima niliushika, sikujua kidole nikiweke wapi, maana alama zangu ishirini zilikuwa zimekwisha na yeye bado yuko njiani. Sikuona mto wala mkanda. Niliona kitu kidogo tu chenye watu ndani, na chini yake hakuna kitu. Bibi akaja akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Akanikanda tumbo. Saa saba ilipofika nililala palepale barazani, mchana kweupe, kama mtu aliyetoka shamba.

Barua haikuja wiki ile. Haikuja na ya pili. Nilifagia kila siku bila kuambiwa, napiga fagio polepole. Karani alikuwa akirudi kazini ananitikisia kichwa kutokea mbali kwamba hajasikia habari ya ndege kuanguka, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Barua za mtaa zilipitia sanduku la posta la yule mama wa dukani. Siku moja alasiri tukamwona anakuja mwenyewe kwa miguu, ndala zimejaa mchanga, bahasha kaishika kwa ncha za vidole. Hakuwahi kufika kwetu. Bibi akamtandikia mkeka. Akasema, "Fungua, beti. Nimefunga duka."

Nikafungua, nikasoma kwa sauti. Dada alianza kwa kumwamkia bibi, na kuuliza mguu wake, na kuuliza kama mie bado nasahau chumvi. Akasema wamefika salama Jumanne, kuna baridi ya kutia ganzi meno. Akasema chakula cha kwenye ndege kilikuwa viazi. Bibi akanitupia jicho. Akasema mtoto kamtapikia mara mbili kabla ya Nairobi. Mama wa dukani akacheka mpaka akajifunika mtandio. Nikaendelea, na macho yangu yakatangulia kwenye mstari uliofuata, nikauona, nikauvuka nikasoma wa mbele yake.

"Umeruka," bibi akasema.

"Sikuruka, bibi."

"Macho yako yamesimama, halafu yamekimbia. Mie sijui kusoma, lakini mtu najua kumsoma. Rudi."

Nikarudi. Dada alikuwa ameandika hivi: Alfajiri tulipotoka nchi ya Misri ndege iliingia mawinguni ikatikisika kama lori la Kilwa. Vikombe vikaanguka. Memsabu akanishika mkono, mie nikamkumbatia mtoto. Nikasema moyoni, nyumbani wamefagia. Halafu nikajijibu, bibi hawezi kunifanyia hivyo. Nikatulia mpaka ikatulia.

Sikuweza kuendelea. Nililia mbele ya mgeni. Nikayasema yote, kumi ya bwana, vituo, jua linalotufikia sie kwanza, jalalani. Nikasema mie ndiye niliyemfagia dada yangu kwa hesabu zangu. Bibi alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akajishika goti, akainuka.

"Njoo," akasema. Na mama wa dukani akatufuata.

Nyuma ya mlango wa chumba chake, pale panapokaa mtungi, kulikuwa na pakacha limefunikwa kipande cha kanga kuukuu. Akakivuta. Ndani mlikuwa na majani ya mwarobaini, yamekauka yamekuwa rangi ya tumbaku, na vumbi, na kipande cha mkaa niliochorea hesabu.

"Nilifagia kuja ndani," bibi akasema. "Hazijatoka hizi. Nilisema hazitoki mpaka nisikie neno lake mwenyewe."

"Kumbe hukuniamini?"

"Saa siiamini. Asubuhi ile ulikuja na furaha yako, saa umeikumbatia kama mtoto. Ningekuambiaje nangoja barua?" Halafu akakunja uso. "Ila siku ile nilishangaa ni nani kaja kumwaga magamba ya samaki chini ya kitanda cha mwenziwe."

Mama wa dukani alikaa chini palepale mlangoni, sijui anacheka au anafuta macho. Bibi akanipa kipande cha debe. Tukalibeba pakacha sote watatu, ingawa lilikuwa jepesi, mtu mmoja angeliweza, tukatoka nalo mlango wa uani mpaka jalalani. Niligeuza mie. Upepo ukachukua yale makavu.

"Zoa na hayo yaliyoanguka njiani," bibi akasema. "Halafu mwambie karani wako akuulizie safari ya kurudi."

"Mwendo?"

"Mwendo na vituo. Na chai zao zote wanazokunywa."